Msalaba Usio na Jina

Masinde alizima tingatinga, akashuka, akavua kofia. Mbele yake, katikati ya mafunjo, palikuwa na tuta la udongo na msalaba wa mbao juu yake.

"Mimi sichimbi kaburi ya mtu," alisema. "Tafuta dereva mwingine."

Griffins, mwenye mradi wa nyumba za kupangisha, akampigia simu Walter, afisa wa mazingira wa kaunti. Walter alikuja mbio kutoka mtaa wa Migosi mjini, anakokaa ghorofani. Tangu aidhinishe mradi huu hakuwa amelala usingizi wa maana. Wakati wa kiangazi aliandika kwamba hapa ni nchi kavu, na wala hakuwa amepakanyaga. Mkubwa wake alitaka saini, naye akaitoa. Mvua ya kwanza tu, kifusi kikiwa kimejaza upande mmoja, maji yaliyozoea kutuama kwenye mafunjo yalihamia nyumba za huko chini. Aliiona mwenyewe alama ya matope ukutani, imefika madirishani. Akarudi kwa mkubwa kuomba kibali kifutwe, akaambiwa hayo yamekwisha. Na leo malori yalikuja kujaza upande uliobaki.

Griffins alimsalimu, kisha akaugeuza mkono wa Walter kuutazama. "Malengelenge yote haya? Umeanza kulima?"

"Kidogo," Walter akasema, akautia mkono mfukoni.

"Haya, bwana afisa. Sema tu hii si kaburi, tuendelee na kazi. Nani anazika mtu kwa maji? Na hiyo msalaba haina hata jina."

"Jina anajua mamake."

Wote wakageuka. Alikuwa Mama Adongo, msuka mikeka wa zile nyumba za chini, akitoka kwenye mafunjo na panga lake la kukatia. Alipita katikati yao bila salamu, akaketi kando ya tuta.

"Ondiek wangu," alisema. "Ziwa ilimchukua, haikumrudisha."

Mama wa marehemu ni kitu ambacho Walter hakukitarajia kabisa.

Griffins naye hakuwa mtu wa kusimamishwa na machozi. Alichukua jembe mwenyewe, akaparua udongo, likagonga kitu. Akainama na kukipangusa kwa kiganja. Lilikuwa tunda la yago, refu na zito, lile ambalo watu wa ziwa hulizika badala ya mwili usiopatikana.

Griffins alizaliwa huku huku. Hakuhitaji kuelezwa. Alilirudishia udongo kwa mikono miwili, polepole, akarudi nyuma huku akijifuta kwa suruali yake nzuri.

"Masinde, ondoa mashine," alisema. "Waambie hao wa malori warudi. Nyumba juu ya kaburi, nitampangisha nani?"

Malori yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine. Mama Adongo sasa alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na kila kilio kilimchoma Walter kifuani. Saini yake ndiyo iliyomwingizia mama huyu maji mpaka kitandani, na sasa anaondoka akimwacha hapa, kwenye tuta hili? Aliona aibu iliyomzidi. Akapiga magoti kwenye matope karibu naye.

"Mama, nisamehe," alinong'ona. "Kuna jambo lazima nikwambie. Hili kaburi..."

Mama Adongo hakuinua kichwa.

"Nilikuwa hapo nakata mafunjo, nikakuona ukichimba," alinong'ona. "Sasa lia kidogo, baba. Bado wanatuangalia."