Maji ya Kuzuia Risasi

"Toa mkono majini, Koplo Tindwa," alisema Inspekta Zuhura. "Risasi haitafika mbali, lakini mshindo wake majini unaumiza vibaya, na bastola yenyewe inaweza kupasuka."

Bastola ilikuwa imebanwa kwenye chuma, ndani ya tangi la kioo lililojaa maji katika maabara ya polisi, ili risasi yake ipatikane nzima kwa uchunguzi. Tindwa akavuta kamba ya kufyatulia. Povu likafumuka, kioo kikatetemeka. Risasi ikaenda hatua mbili tu, ikachoka, ikazama polepole kama punje ya kunde.

Tindwa akaduwaa. Babu wa babu yake alijipaka maji ya dawa ya kuzuia risasi, akaenda vitani, hakurudi.

"Kumbe maji yanazuia kweli, afande!"

"Yanazuia, yakiwa mengi."

Tindwa akachovya kiganja tangini, akajipaka kifuani taratibu, juu ya sare.