Umri wa Namba Saba

"Prof, mashine imechanganyikiwa," alisema fundi wa maabara. "Fomu ya namba saba inasema miaka hamsini na nane. Mashine inasema sabini."

Profesa Swichi alihisi shati likimganda mgongoni. Siku wafanyakazi wa chuo walipotoa damu ya kuijaribu mashine, kwenye karatasi ya mlangoni, yeye ndiye aliyejiandikisha wa saba. Fomu yake ilisema hamsini na nane, kama mafaili yake yote ya chuo. Lakini miaka yake ya kweli, aliyoijua yeye na marehemu mama yake tu, ilikuwa sabini.

Jina la utani alilipata kihalali. Miaka ishirini na mitano amehubiri jambo moja: jeni zina swichi, na saratani huzizima zile za ulinzi. Swichi hizohizo huzeeka pamoja na mwili. Kwa hiyo mashine yake ilipaswa kwanza kutaja sawasawa umri wa watu wenye afya. Ikikosea hapo, nani ataiamini kwenye saratani? Na wakaguzi walikuwa wanakuja kesho asubuhi.

"Tuitupe namba saba?" fundi aliuliza.

"Tukitupa moja, tumetupa kazi yote."

Lo, mtihani gani huu! Akinyamaza, mashine inazikwa. Akisema, kwaheri maabara, maana chuo humstaafisha kila anayefika sitini. Alizunguka meza mara tatu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akanung'unika. Na huyu alimlea kusema kweli.

"Haijakosea. Namba saba ni mimi. Andika hivyo."

Fundi akaenda kutafuta daftari lake la majina.

Profesa akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa kitivo, mama aliyekuwa ameshastaafisha watu wanane mwaka huo, akamwaga yote. Mama yule alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Sabini! Na nywele unapaka rangi! Mimi mwenzako bado miaka miwili nifike sitini, nitaondoka na heshima zangu."

"Nicheke tu, Mkuu. Ila wakaguzi wajue mashine ni nzima."

"Nitawaandikia mwenyewe." Akaandika palepale kwamba mashine haidanganyi, akagonga muhuri. Kisha akamsogezea barua ya kustaafu. "Ndiyo maana siku ile ulinuna nilipochukua zamu yako ya sindano. Kumbe magoti yalikuwa yanauma, mzee wa watu!"

Profesa alitia saini. Roho ilimuuma kweli, lakini mashine ilikuwa imepona.

Mlango ukafunguka bila hodi. Fundi alisimama akihema, daftari mkononi.

"Prof, wewe ni namba nane! Damu yako bado iko kwenye friji, hata sijaipima!"

"Na namba saba ni nani?"

Fundi alilificha daftari nyuma ya mgongo. Mkuu wa kitivo alikuwa ameshaanza kuichana ile barua ya kustaafu, vipande vidogo vidogo.