Nzi Aliyewahimiza Wanawe

Alikuwako nzi mmoja mwoga, na uzazi wa kwanza ukamzidishia woga. Alitaga mayai kwenye shina la kitunguu, na funza walipoanguliwa akawaharakisha wazame chini kwenye mizizi, maana huku juu kuna kuku, kuna siafu, kuna jua, kuna kila kitu.

"Kuleni, wanangu, kuleni upesi muote mbawa, msibakize!"

Jongoo, jirani asiye na haraka, akasimama. "Mama watoto, wapunguze kidogo. Kitunguu hicho ndiyo nyumba yao."

"Bibi, wewe una miguu tele, ukiona hatari unajiendea. Wangu hawana hata mmoja! Waache wale."

"Haya. Lakini majani yameanza kuwa manjano, na mwenye shamba ana macho."

Nzi hakusikiliza. Alikuwa ameinama shinani, anahimiza. Funza wakala, wakanenepa, mzizi ukaisha kabla mbawa hazijaota.

Asubuhi mwenye shamba akapita akikagua matuta. Vitunguu vya kijani akaviacha. Kile cha manjano akakishika majani, akaking'oa na watoto wote ndani, akawatupia kuku.

Nzi akazunguka juu ya shimo, akazunguka, hana pa kutua.

"Bibi, mimi ndiye niliyewaambia," akalia. "Mimi! Unadhani waliogopa?"

Jongoo alisogea karibu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Walikuwa wameshiba, wamelala."