Kawingu Kadogo

Wazamiaji wote walikataa, basi tajiri akajifunga kamba mwenyewe, aitafute mashua yake iliyolala na magunia ya shaba chini ya Ziwa Nzilo. Mtumbwini, Domitille, msoma upepo, alishika ncha ya kamba. Akiivuta mara mbili, maana yake dhoruba inakuja, panda.

"Mama, mupepo iko namna gani?" tajiri akauliza.

Magharibi, wingu lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria.

"Ni kawingu kadogo tu, tata. Shuka."

Maneno hayohayo tajiri alimwambia nahodha wake, mume wa Domitille, asubuhi mashua ilipozama naye. Kwenye kilio hakufika, ndiyo maana hakumjua mjane.

Tajiri akazama. Mawimbi yakaanza kuupiga mtumbwi. Domitille akailaza kamba miguuni, akakunja mikono.