Barua ya Dereva wa Viazi

Kibii hakuwa na shamba, hakuwa na wakili, na tangu dakika mbili zilizopita hakuwa na meno ya mbele.

Tajiri wake, mwenye lori la viazi aliloliendesha Kibii, aliinua tena wili spana, chuma cha kufungulia magurudumu. "Andikia korti ni wewe ulikimbiza lori kupita kiasi pale Dundori. Mimi leseni watachukua!"

"Tajiri, siku hiyo nilikuwa kanisani."

Spana ikamvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Kibii akaandika kwa mkono wa kulia, damu ikidondokea karatasi. Tajiri, aliyemcheka miaka yote kwa kusoma ngumbaru, darasa la watu wazima, aliikodolea macho barua asiyoweza kuisoma.

"Umeandika yote?"

"Yote, tajiri. Hata haya ya leo."

"Vizuri, mzee."

Tajiri akalamba bahasha, akaifunga, akaipeleka posta mwenyewe kwa lori, kwa mwendo ule ule wa Dundori.