Kisima cha Uani

Siku hizo, arobaini ikishapita, wafiwa walikwenda zahanati kufutwa msiba, wakarudi nyumbani wepesi, hawamkumbuki hata waliyemzika. Kombo alifutwa. Mkewe, Biubwa, alikataa katakata, na mwaka ule ule akaanza kuandika hadithi za kutisha ambazo nchi nzima ilizigombania.

Kombo ndiye aliyekuwa msomaji wake wa kwanza. Kila asubuhi, chai ikishamiminwa, alisoma kwa sauti kurasa ambazo mkewe aliziandika jana yake. Leo mtoto wa hadithini alikuwa akiita kutoka ndani ya kisima, mama yake akimteremshia ndoo, na kila mara ndoo ikipanda tupu. Kombo alisisimkwa mwili mzima.

"Wallahi una kipaji, mke wangu! Hao waandishi waliofutwa hawawezi kutunga hata mstari mmoja kama huu. Unayatoa wapi?"

"Humu humu ndani," alijibu Biubwa, akimkatia mkate wa kumimina.

Kombo alicheka kwa fahari. Macho yake yakaangukia uani, kwenye kisima chao kilichozibwa kwa zege. Aliambiwa maji yake ni ya chumvi, naye hakuwahi kuuliza zaidi.

"Na hili jina la mtoto, Tamimu," alisema polepole, "mbona linanijia mdomoni kama nililizoea? Tamimu! We Tamimu, njoo!"

Biubwa alifumba macho.

"Ita tena, mume wangu," alisema. "Hivyo hivyo ulivyokuwa ukimwita."