Nane Toa Tatu

Jumamosi ile Eliwaza aliingia ukumbi wa kanisa akiwa amechoka hoi. Chuoni, alikokuwa akisomea hisabati, alikuwa ameshindwa mtihani wa pili, na mkobani mwake mlikuwa na barua ya kumwarifu mchungaji kwamba hatafundisha watoto tena, si hesabu za Jumamosi wala neno la Jumapili. Miaka miwili ya kujitolea ilikuwa imetosha.

Alisahihisha madaftari bila kuinua uso, mpaka akafika kwenye la Sekela, binti wa miaka saba. Nane toa tatu, mtoto ameandika nane. Tano toa moja, tano. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo hivyo.

"Sekela, hebu njoo. Una machungwa manane, umetoa matatu. Yamebaki mangapi?"

"Manane, mwalimu."

"Mwanangu, si matatu umeshayatoa?"

"Ndiyo. Lakini Jumapili ulisema anayetoa kwa moyo hapungukiwi."

Wenzake wakaangua kicheko. Sekela hakucheka.

"Hiyo ni toa nyingine," Eliwaza alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchosha. "Hii ya hesabu inapunguza."

Mtoto akamkazia macho, akimkagua kuanzia kilemba hadi viatu vilivyolika visigino.

"Kwani wewe, mwalimu, umepungukiwa?"

Eliwaza akaweka ncha ya kalamu nyekundu kando ya ile nane. Mkono haukuchora mkasi wa kosa wala haukuweka alama ya vema. Wino ukaanza kusambaa kwenye karatasi, doa likakua taratibu, na Sekela ameegemea meza, anangoja.